Kompyuta ya Wote, Jina la Kila Mmoja

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano mkuu wa chama, hapa Mpofi

 

Tumeombwa tuseme juu ya zile kompyuta mbili za atelye ya sabuni na kinu. Wakati tulikuwa tunaingia, mzee mmoja alitushika mkono akatuuliza: "Watu wanatafuta mbegu na dawa, ninyi munatuletea habari ya ordinatere?" Swali lake ni la haki, na tutalijibu mara moja. Hatukuja juu ya mashini. Tumekuja juu ya mama mmoja kijana aliyeitwa mwizi mu kijiji alichorudilia baada ya miaka ya kukimbia, na hakuiba kitu. Na tumekuja kusema nani alikosa.

Mambo yalivyotokea

Wengi wenu munaijua nusu ya hadithi. Leo tuieleze yote.

Atelye yetu inapika sabuni ya mawese. Timu moja inaingia asubuhi, ya pili inaingia saa saba. Chumba kimoja kiko na mapipa ya mafuta na soda, kingine kiko na kinu cha muhogo na mahindi, na katikati kuko stoo. Kompyuta ya kwanza inakaa mlangoni mwa stoo. Ndiyo inaandika katoni zinazoingia na zinazotoka. Ya pili inakaa kwa mutunza hazina: mauzo, malipo ya siku, na madeni ya AVEC.

Ile ya stoo inatumiwa na watu sita. Wote sita walikuwa wanaingia kwa jina moja, ATELYE, na neno la siri moja. Neno hilo la siri lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi, na karatasi imebandikwa ukutani juu ya meza. Hata mtoto aliyekuja kuleta chakula cha mama yake aliweza kulisoma.

Jioni moja hesabu ya kompyuta ilisema katoni 46. Stoo ilikuwa na katoni 31. Zilipungua 15. Komite ikatazama: karatasi ya hesabu ilibadilishwa jioni ileile, saa kumi na moja, na aliyeibadilisha ni ATELYE. Sasa, ATELYE ni nani? Ni watu sita. Lakini kijiji hakiwezi kukasirikia watu sita, kinatafuta mmoja. Aliyekuwa kwa zamu ya mchana ni huyo mama kijana. Tena amerudi juzi juzi tu, na hana ndugu wengi hapa wa kusimama nyuma yake. Akawekwa pembeni wiki tatu. Hisa zake mu AVEC zikashikwa. Kisimani wenzake wakawa wananyamaza akifika. Tulipomtembelea alitwambia neno moja: "Wananiita mwizi juu ya jina yenye haiko yangu."

Ukweli ulitoka mahali ambapo hakuna aliyekuwa anautafuta. Kijana wa pikipiki anayepeleka sabuni sokoni ana daftari dogo la mafuta yake. Mule ndani ameandika siku, mahali, na mzigo: katoni 15, soko. Katoni zilitoka kwa haki na feza zake zilikuwa kwa mutunza hazina. Basi kwa nini kompyuta haikujua? Sababu jioni ile mutu alifungua hesabu ya wiki iliyopita kutoka kwa flashi, akaihifadhi juu ya ile mpya. Hesabu ya zamani ikafunika ya sasa, na katoni 15 zikarudi mu karatasi bila kurudi mu stoo.

Flashi ile ilikuwa yetu. Ni sisi, watu wa shirika, tuliokuja jioni ile kuchukua ripoti. Tulikuwa na haraka, mvua ilikuwa inakuja, na pikipiki ilikuwa inangoja. Na kwa wiki tatu hakuna aliyetuuliza, sababu watu wa projet hawaulizwi. Sisi wenyewe hatukufikiria hata mara moja kwamba mkono wetu ulikuwa pale. Tena ni sisi tuliofungua lile jina moja la ATELYE siku ya kwanza, na ni sisi tuliobandika karatasi ukutani, ili "kurahisisha kazi".

Tuliomba msamaha mbele ya timu zote mbili. Leo tunauomba tena mbele yenu.

Viwanda vikubwa navyo viliumia hivyo

Musidhani ni kasoro ya Masisi au ya Walikale. Kompyuta za kiwandani ziko na shida yao, kila mahali. Kompyuta ya ofisi iko na mwenyewe: akitoka anaifunga, ikigonjwa anailalamikia. Ya kiwandani haina mwenyewe. Timu inatoka, timu inaingia, mikono iko na mafuta, kazi haingoji, na hakuna anayetaka kuizima ili itiwe dawa.

Mwezi wa tano 2017 virusi vilivyoitwa WannaCry vilizunguka dunia kwa siku chache. Vilifunga habari zote za kompyuta na kudai malipo. Renault ya Ufaransa ilisimamisha kazi mu baadhi ya viwanda vyake vya magari. Mwezi uliofuata Honda ilifunga kiwanda chake cha Sayama, huko Japani, kwa siku moja, juu ya virusi hivyohivyo. Na dawa ilikuwepo: Microsoft iliitoa mwezi wa tatu, miezi miwili mbele ya virusi kuanza. Kompyuta nyingi hazikuwa zimeinywa.

Mwezi wa nane 2018 ilikuwa zamu ya TSMC ya Taiwan, kampuni inayotengeneza vipande vidogo vilivyo ndani ya telefone nyingi munazoshika. Pale, virusi viliingia na mashini mpya. Ilifungwa kwenye mtandao wa kiwanda bila kupimwa kwanza, na kazi ikasimama. Muliweke hilo mu kichwa, tutalirudilia.

Na tarehe 19 mwezi wa tatu 2019, kampuni ya aluminiamu ya Norway, Norsk Hydro, yenye wafanyakazi kama 35,000, iliamka ikakuta kompyuta zake zimefungwa na watu wanadai malipo. Haikulipa. Viwanda vyake vingine viliendelea kwa mikono na kwa karatasi: watu walitafuta maagizo yaliyochapwa, wazee waliojua kazi ya zamani wakaonyesha vijana. Wazee wetu wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Huko Norway, karatasi ndiyo iliyowashikilia. Hapa kwetu, daftari la mafuta ya pikipiki ndilo liliokoa jina la mutu.

Basi tulikaa na timu zote mbili tukatafuta dawa inayowezekana hapa. Mashauri ya vitabu yanasema: neno la siri refu, libadilishwe kila mara, kompyuta ipate masahihisho kila wiki kwa intaneti. Hapa intaneti ni ya kupanda mlima na telefone, umeme ni wa sola, na mutu mwenye soda mikononi hawezi kuandika herufi kumi na sita. Tukisema sheria ambayo kazi haiwezi kuibeba, watu wataizunguka, na karatasi itarudi ukutani. Tuliyokubaliana ni haya.

Kwanza: kila mutu na jina lake

Jina ATELYE limefutwa. Kila mmoja wa wale sita ana mlango wake mu kompyuta, na tarakimu za siri anazozijua yeye peke yake. Ni tarakimu, si herufi ndefu, ili ziandikwe kwa kidole kimoja. Juu ya kibodi tumeweka plastiki nyembamba inayofutwa kwa kitambaa. Kompyuta ikikaa dakika tatu bila kuguswa, inajifunga yenyewe. Anayetoka anatoka na jina lake, anayeingia anaingia na lake.

Hakuna kati ya wale sita mwenye ruhusa ya kuingiza programu au kubadilisha mipango. Ruhusa hiyo iko kwa jina la saba, la msimamizi. Neno lake la siri liko mu bahasha iliyofungwa kwa gundi na kutiwa sahihi juu ya gundi, kwa mutunza hazina. Bahasha ikifunguliwa, inaandikwa mu daftari: nani, siku gani, sababu gani. Sisi watu wa shirika hatuna neno hilo. Tukija, tunaingia kwa jina letu, na jina hilo linaweza kusoma tu, haliwezi kuandika.

Wamama wa chumba cha mafuta walitufundisha jambo ambalo hatukuliona. Wao walikuwa wanakuja kwa kompyuta mara nyingi kwa siku, lakini si kwa kuandika. Wanakuja kuangalia kipimo: mafuta kiasi gani, soda kiasi gani. Kwa nini mutu afunguliwe hesabu ya stoo ili asome kipimo cha soda? Tukachapa vipimo, tukavifunika kwa plastiki, tukavitundika chumbani mwao. Nusu ya watu waliokuwa wanazunguka kompyuta wakaondoka mlangoni siku ileile, bila neno la siri hata moja.

Kuko kitu kidogo kingine: saa. Kompyuta nzee iko na betri ndogo ndani inayoshika tarehe. Betri hiyo ikikufa, kila umeme ukikatika kompyuta inarudi miaka ya nyuma, na kumbukumbu zake zinasema uongo. Sasa kila asubuhi wa kwanza kufungua anaangalia saa ya kompyuta na ya telefone, na anaandika mu daftari kama zinapatana. Bila saa ya kweli, jina la kweli halisaidii.

Halafu kuko swali ambalo wafanyakazi wenyewe waliuliza, na lilikuwa kali: "Sasa mashini inajua saa yenye niliingia na saa yenye nilitoka. Nani atasoma ile?" Waliogopa kwamba kumbukumbu iliyowekwa kuwalinda itageuka fimbo ya kuwahesabia dakika. Tulikubaliana hivi, na iko mu sheria za atelye: kumbukumbu inafunguliwa tu kukiwa na shida ya mali, na watu wawili wa komite, na yule ambaye jina lake linatafutwa akiwa amekaa pale, anaona. Si kwa kuchunga nani alichelewa.

Pili: mlango wa flashi

Flashi ni kama mugeni wa usiku. Inaweza kuwa ndugu, inaweza kuwa mwenye kuleta ugonjwa, na kwa uso hutajua. Zetu zinatoka mu nyumba za kuchapa karatasi, mu duka za kuweka nyimbo mu telefone, mu ofisi za mji. Mwaka 2010 dunia iligundua virusi vilivyoitwa Stuxnet, vilivyotengenezwa kuharibu mashini za kiwanda cha nyuklia cha Natanz, Irani. Kiwanda kile kilitengwa na intaneti, lakini virusi vilikuwa vinajua kusafiri kwa flashi. Msifikiri basi kwamba kukosa intaneti ni ukuta. Mahali pasipo intaneti, flashi ndiyo barabara.

Kwa hiyo kompyuta ya stoo haipokei tena flashi. Matundu yake yamezimwa kwa jina la msimamizi. Kompyuta ya mutunza hazina inapokea flashi moja tu, nyekundu, yenye kufungwa kwa kamba ndani ya sanduku la feza. Anayetaka ripoti anapewa karatasi iliyochapwa, au tunaipeleka sisi kwa flashi nyekundu na kuipima mu kompyuta nyingine kabla ya kuirudisha. Tena hakuna kuchaji telefone kwa kompyuta. Tumeweka waya tatu za kuchaji moja kwa moja kwa betri ya sola, sababu kukataza bila kutoa njia ni kutafuta ugomvi.

Nakala za hesabu ziko tatu: moja mu kompyuta, moja mu diski inayokaa kwa mutunza hazina, moja mu diski inayosafiri nasi na kulala mbali na Mpofi. Na daftari la karatasi halikuondoka. Kila jioni mistari ya mwisho ya siku inaandikwa kwa kalamu na kutiwa sahihi mbili. Kama kompyuta na daftari vinagombana, hatuanzi na mutu. Tunaanza na nakala.

Juu ya dawa za kompyuta: Windows 10, iliyo mu kompyuta nyingi mulizopewa, ilimaliza kupata masahihisho ya kawaida ya bure tarehe 14 mwezi wa kumi 2025. Kompyuta hizo ni nzee mno kwa Windows mpya. Ile ya stoo tumeiwekea Linux na LibreOffice, ambazo ni za bure, na timu zimezoea kwa siku chache. Ya mutunza hazina itafuata. Mara kwa mara tunazibeba mahali pa intaneti ili zinywe dawa, moja moja, ili kazi isisimame.

Tatu: majina yasiyopaswa kuwa pale

Hapa tunaomba munyamaze kidogo, sababu ndipo moyo wa maneno yetu.

Wakati tulikuwa tunasafisha kompyuta ya stoo, tulikuta ndani yake kitu ambacho si cha sabuni. Ilikuwa liste ya nyumba zote zilizorudi: jina la kichwa cha nyumba, idadi ya watoto, namba ya telefone, kijiji alikotoka, alikimbilia wapi, alipata jetoni gani, ana shamba au hana. Mutu mmoja aliinakili pale siku ya mgao, sababu kompyuta nyingine haikuwa na umeme. Ilikaa pale miezi mingi, nyuma ya neno la siri lililobandikwa ukutani.

Ninyi munajua kuliko sisi maana ya liste hiyo mu inchi yetu. Kutoka kijiji, mutu anadhani kabila. Kutoka mahali ulikokimbilia, mutu anadhani ulikuwa upande gani. Kutoka jetoni, mwizi anajua nani ana kitu nyumbani. Hata wakubwa waliumia kwa jambo hili. Mwezi wa kwanza 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba watu wasiojulikana waliingia mu kompyuta zenye habari za watu zaidi ya 515,000: waliotengana na jamaa zao, waliopotea, waliofungwa. Kati yenu wako waliotafuta mtoto au mzazi kwa njia ya Msalaba Mwekundu. Munajua ni habari gani mutu anatoa siku hiyo. Kamati yenyewe ilisema wazi kwamba dawa ya tundu lile haikuwekwa kwa wakati. Kama nyumba kubwa hivyo iliingiliwa, sisi na karatasi yetu ukutani tulikuwa tunalindwa na Mungu tu.

Hapo ndipo tulielewa kazi yetu ni mbili, na zinaenda njia mbili tofauti. Kompyuta ya atelye ijue vizuri majina ya watu sita wanaoigusa, ili asiye na kosa asiitwe mwizi. Na isijue hata kidogo majina ya nyumba ambazo hazina kazi na sabuni. Sisi tulifanya kinyume: tulificha majina ya wafanyakazi sita nyuma ya ATELYE, na tulianika majina ya kijiji kizima.

Liste imeondolewa, mu kompyuta zote mbili na mu flashi zote tulizopata. Mu AVEC na mu mauzo kila mutu ana namba. Daftari linalosema namba fulani ni nani liko moja, la karatasi, na anayelishika amechaguliwa na ninyi. Diski za kompyuta zote mbili zimefungwa kwa siri yenyewe. Tuwaeleze tofauti: neno la siri la kuingia ni kama kufuli ya mlango wa mbele; mwizi anaweza kutoa diski, kuiweka mu kompyuta yake na kusoma yote. Diski iliyofungwa kwa siri ikitolewa hivyo, haisomeki. Lakini kufuli hiyo inashika tu kama kompyuta imezimwa kabisa. Ikilala tu, bado iko wazi nusu. Kwa hiyo jioni inazimwa, haifunikwi tu.

Tena si ombi letu tu. Inchi yetu iko na Sheria ya Mambo ya Dijitali, iliyotiwa sahihi tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 kwa namba 23/010, nayo ina sehemu juu ya kulinda habari za mutu. Habari yako ni yako. Anayeiandika anapaswa kukwambia kwa nini.

Siku ya kukimbia

Hakuna mkutano mu Masisi unaoweza kusema juu ya mali bila kusema juu ya kukimbia. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, vita vilipofika Goma, maghala ya misaada yaliporwa. Na kila mmoja hapa anajua nyumba ilivyobaki wazi nyuma yake siku aliyotoka.

Tulipouliza timu, "Risasi zikilia, mutafanya nini na kompyuta?", kijana mmoja alijibu kwa moyo mzuri: "Nitaibeba kichwani, ni mali ya chama." Tunasema mbele ya wazazi wake: hapana. Hakuna mutu atakufa juu ya ordinatere. Beba mtoto, beba mzee, beba dawa yako. Kama uko karibu na una dakika moja, finya kitufe mpaka taa izimike, halafu ondoka. Kama huna dakika hiyo, ondoka.

Tunaweza kusema hivyo sababu ya yale matatu mengine. Nakala iko mbali na hapa, hesabu haitapotea. Diski imefungwa kwa siri, na majina ya kijiji hayamo, hata mwenye kuichukua hatampata mutu. Sisi tunapima ulinzi kwa swali hili tu: je, tunaweza kuiacha na kukimbia, bila kuacha jirani mikononi mwa mutu? Kama jibu ni ndiyo, iko salama. Kama mutu anapaswa kuifia, haiko salama hata ikiwa na kufuli kumi.

Kwa wafadhili wetu

Tunawaomba mambo matatu, kwa heshima.

La kwanza, musituombe liste zenye majina, telefone na picha kama hesabu ya namba inatosha. Mukitaka kuhakikisha, karibuni Mpofi, muketi na watu, muone mapipa na stoo. Wanachama wanapenda kuulizwa uso kwa uso.

La pili, kompyuta mnazotupa baada ya kuzitumia tunazipokea kwa furaha, lakini mukumbuke ile mashini mpya ya Taiwan. Zisafishwe na kupimwa huko kabla ya kufungwa mu katoni. Sisi nasi tutazipima hapa kabla ya kuziweka kazini. Zawadi pia inapimwa.

La tatu, betri ya sola, diski moja ya nakala na siku mbili za mafunzo kwa kila timu vina faida kwetu kuliko kompyuta ya tatu. Kwa picha ya ripoti havipendezi sana. Kwa kazi ndivyo vinavyotushika.

Neno la mwisho

Mama yule amerudi kazini. Hisa zake mu AVEC zimerudishwa. Siku milango mipya ya kompyuta ilifunguliwa, timu ilimpa heshima ya kuingia wa kwanza. Aliandika jina lake polepole, akatia tarakimu zake huku amefunika kwa mkono wa kushoto, na kompyuta ikamsalimu kwa jina lake. Akacheka. Akasema: "Sasa hata nikikosa, itakuwa kosa yangu."

Alituomba kitu kimoja: kwamba neno lililosemwa juu yake kwa sauti lirudishwe kwa sauti, na liandikwe. Ndiyo tumefanya. Jina lake hatulitaji hapa wala mu gazeti, kwa ombi lake mwenyewe, na munajua sasa kwa nini. Timu zote mbili zinalijua, na kisimani wanalijua.

  Wenye maswali, tuko hapa mpaka mvua itutoe.